Pimeni Tela Kabla ya Kuwasha Gari

Enyi madereva wa safari mnaotoka Arusha alfajiri, nyuma ya Landcruiser mmefunga tela la mahema, vyombo vya jikoni na maji, nisikieni! Ajali ya tela huanzia uani, wakati wa kupakia.

Tazameni linavyopakiwa. Mpishi analeta, utingo anapokea, kila kitu kinasukumwa penye nafasi. Masanduku ya vyakula yanawekwa nyuma, mpishi ayafikie upesi. Madumu ya maji yanawekwa nyuma kabisa, kwa kuwa yamechelewa kufika. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Madumu 10 ni kilo 200, zote mkiani! Mkia unashuka, shingo ya tela inainuka, na magurudumu ya nyuma ya gari yanapungukiwa uzito wa kuyashikisha barabara. Kwa macho limepangwa vizuri. Kwenye mwendo, hilo ni tela la kuwazika watu.

Vizito vikae chini, mbele kidogo ya ekseli, kulia na kushoto sawasawa. Tela la kilo 1,000 liilemee ndoano ya gari kwa kilo 100 hadi 150, mradi gari lenyewe limeruhusiwa kubeba kiasi hicho. Msikisie! Laza tela usawa, weka shingo juu ya mizani, soma namba.

Nawasihi zaidi kuhusu siku ya kurudi, maana siku hiyo kila mtu amechoka na anawaza nyumbani. Maji yaliyokuwa mbele yamekwisha. Mahema yamenyeshewa Ngorongoro usiku kucha, yamelowa, yamekuwa mazito, nayo yanatupwa mlangoni pamoja na magunia ya taka. Tela lililokwenda salama linarudi likiwa tela jingine kabisa. Lipimeni tena!

Likianza kuyumba, mguu utakimbilia breki. Uzuie! Usikanyage mafuta ukidhani utalinyoosha, wala usipambane na usukani. Shika usukani imara, achia mafuta, mwendo upungue wenyewe. Kama breki za tela zina kidhibiti cha mkono, zitumie hizo taratibu. Kisha simama mahali salama upange mzigo upya, hata kama wageni wanatazama saa.

Minyororo miwili ipishane chini ya shingo, ili ndoano ikiachia, shingo ianguke juu ya minyororo hiyo isichimbe lami. Ukifika Makuyuni, kama kilomita 80 kutoka Arusha, shuka na spana ukaze nati za magurudumu. Na unapoteremka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, weka gia nzito tangu juu. Breki zilizokwisha kuchemka hazisikii dua.

Nanyi wenye magari, hili lawahusu kuliko mtu yeyote. Nunueni mizani. Mpeni dereva ruhusa ya kushusha mzigo bila kumpigia mtu simu, wala msimkate posho kwa kuchelewa kwa sababu hiyo. Pale Mto wa Mbu kina mama wanauza ndizi nyekundu kandokando ya barabara, na tela lililokatika haliwapi nafasi ya kukimbia. Kesho alfajiri, kabla ufunguo haujageuzwa, pimeni.