Chakula Kilichoshuka Mawinguni

Watu wa Ifakara wanajua hali ya mto Kilombero ukifurika: njia hukatika, na wa ng'ambo hubaki na njaa yake. Basi na wawafikirie askari wa K.A.R., Watanganyika wakiwamo, waliopita bonde la Kabaw huko Burma, iitwayo leo Myanmar, katika mvua kubwa za mwaka 1944. Tope lilimeza magari. Chakula, dawa na risasi vilitoka angani kwa ndege za Dakota. Mizigo mingine ilishushwa kwa miavuli. Magunia ya mchele yalitupwa hivi hivi, na gunia likimwangukia mtu laweza kumwua. Mawingu yakiziba, askari walingoja na njaa.

Twasoma katika Kitabu cha Kutoka kwamba mana nayo ilishuka, lakini watu walitoka kuiokota. Na huko Burma miavuli ilipoadimika, ilishonwa kwa juti, nguo ile ile ya magunia! Mungu hulisha kwa mikono ya watu: mshonaji, rubani, na askari aliyebeba gunia topeni mpaka kwa mwenzake mgonjwa. Wewe mwenye mpunga ghalani, mvua zikikata njia, jirani yako wa ng'ambo atapelekewa na nani?