Jaketi Linamlinda Nani?

Kaa Kikopey Jumapili mchana, ungoje kilo yako ya mbuzi ikolee moto, na hutakosa kusikia mipango ya meza jirani: tukimaliza hapa tushuke Naivasha, tupande boti, tuone viboko. Ziwa Elementaita liko hapa hapa chini yetu lakini si la boti. Ni la magadi, kina chake kifupi, na tangu 2011 limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa hivyo raha ya maji watu huifuata Naivasha.

Huko, kabla mguu haujaingia botini, unapewa jaketi la kuokoa maisha. Ni sawa kabisa. Tuna Mamlaka ya Ubaharia, KMA, tuna Sheria ya Usafiri wa Meli ya 2009, na hata kwa kiboti cha watu saba lengo ni kwamba aliyeondoka arudi. Sina ugomvi na hilo. Swali langu ni jingine: nikishafunga mikanda ya jaketi, nimemaliza deni langu? Jaketi linamlinda aliyepanda. Wale ambao hawakupanda, ambao maji yale ndiyo nyumba yao, je?

Mwangalie kiboko. Usiku hutoka kula nyasi nchi kavu, mchana hurudi majini kupumzika, maana jua humchoma ngozi. Mchana ndio sisi tunafika. Abiria ana simu mkononi, anasema, "Captain, songa kidogo tu." Nahodha anajua kwamba boti haikatizi kati ya kiboko na maji ya kina, na kwamba mama mwenye mtoto hachezewi. Lakini anajua pia kuwa boti za kungoja wateja ni nyingi, na huyu akikasirika ataenda kwa mwingine. Anasonga.

Sasa mwenye kosa ni nani? Wengi watasema nahodha, yeye ndiye mwenye usukani. Mimi sikubali. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na hapa nahodha ni mjumbe wa hamu yetu. Aliyeagiza amekaa katikati ya boti, jaketi limembana vizuri, na dhamiri yake imetulia kwa sababu ametimiza sheria. Hiyo ndiyo hatari ya sheria nzuri: unaitii ile inayokuhusu wewe halafu unajiona umekuwa mtu mwema. (Niliacha chuo kabla ya kufika somo la maadili, kwa hivyo kama kuna mwanafalsafa aliyelisema hili vizuri zaidi, mniwie radhi.)

Nimesikia hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Bila pesa ya watalii, nani angemtaka kiboko karibu na shamba lake? Maji yalipopanda 2020, na tena 2025, nyumba za mtaa wa Kihoto zilifurika, viboko wakawa majirani wa watu. Kwa mkazi wa pale kiboko si picha. Kwa hivyo ndiyo, mapato ya boti yanampa mnyama huyu watetezi. Lakini kinacholeta mapato ni kuonekana kwake, na mita chache za ziada unazolazimisha haziongezi chochote isipokuwa kwenye simu yako.

Tena kuna furukombe, yule tai mla samaki. Nahodha anapiga mluzi, anarusha samaki aliyetiwa kipande cha funjo ili aelee, ndege anashuka kama umeme, tunapiga makofi. Sijui niite nini hiyo. Si ukatili. Lakini funjo zenyewe ni mazalia ya samaki na maficho ya ndege, na kila injini inayopenya humo kutafuta pembe nzuri ya picha inaziumiza. Naivasha iko chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 1995, ila mkataba haukai botini pamoja nanyi.

Anayekaa botini ni wewe. Kwa hivyo mkipatana bei, semeni mapema, kabla injini haijawashwa: "Boss, tutakulipa hiyo hiyo hata tukiwaonea mbali." Mkiweza ongezeni mia mbili juu. Utashangaa jinsi mabega ya nahodha yanavyoshuka.