Ibn Rushd yuko wapi?

Juzi hapa Katesh, Hanang, kijana wa sekondari alinisomea daftari lake la historia: Ulaya ilizinduka kwa kuifufua falsafa ya Wayunani. Nikamuuliza, nani aliitunza? Akanyamaza.

Karne ya 9, makhalifa wa Baghdad waliwalipa wafasiri, wengi wao Wakristo, wavitie vitabu vya Wayunani katika Kiarabu. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki 1198, akamfafanua Aristotle. Vitabu vya Aristotle vilipochapwa Venice mwaka 1550 hadi 1552, ufafanuzi huo ulichapwa pamoja navyo.

Tusikimbilie kumlaumu mwalimu. Madrasa zetu, Katesh hadi Mbulu, zinamtaja? Wahyi wa kwanza ulituamrisha kusoma. Tusome, tuwafundishe watoto. Wabillahi tawfiq.