Akikimbia, Usikaze

Wewe unayepanda bodaboda kutoka Mkolani, Mwanza, alfajiri ya Jumamosi, fimbo umeikumbatia na rili mpya inang'aa kifuani, simama kidogo kabla hujafika Luchelele. Breki ya rili hiyo umeifunga kilo ngapi?

Usiniambie imekaza vizuri. Usiniambie uliivuta kwa mkono dukani ukaona ina nguvu. Nimeuliza kilo ngapi!

Nauliza kwa ukali kwa sababu nimeshapita hapo ulipo. Sangara wangu wa kwanza mkubwa nilikaa naye chini ya dakika moja. Aliuma, akatikisa kichwa mara mbili, uzito wake nikausikia hadi magotini, kisha akaondoka. Nikafanya anachofanya kila mgeni wa fimbo: nikazungusha breki mpaka mwisho. Pa! Nikabaki nimeshika fimbo iliyonyooka.

Mzee mmoja alikuwa anashona nyavu pale mwaloni. Hakucheka. "Mjukuu wangu," akaniambia, "samaki hajakata mshipi. Umeukata wewe." Akaninyooshea kidole cha shahada kilichovishwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Mzee huyu amevua kwa mshipi wa mkono maisha yake yote. Samaki akivuta, anauacha mshipi uteleze juu ya mpira ule, kwa kubana kidogo. Samaki akipumzika, anavuta. Kidole chake ndiyo breki, na breki ile ina akili.

Basi rili yako ni kidole cha yule mzee kilichotengenezwa kiwandani. Hapo zamani hata matajiri wa Marekani waliokuwa wakivua baharini walibana mshipi kwa kipande cha ngozi chini ya dole gumba, na mpini wa rili ulipozunguka kinyumenyume uliwavunja vidole. Mmoja wao, William Boschen, alitaka breki ikae ndani ya rili yenyewe, na mwaka 1913, huko Catalina, California, akamtoa samaki upanga kwa rili ya namna hiyo. Tangu hapo kazi ya kidole imehamia kwenye washa: visahani vya chuma na vya nyuzi za kaboni vilivyopangwa kwa zamu na kubanwa na skrubu. Ukizungusha ile nyota pembeni mwa mpini unavibana zaidi. Rili nyingine zina wenzo mdogo badala ya nyota. Msuguano ndio unaomchosha samaki. Lakini washa hazijui mshipi wako una nguvu gani. Unayejua ni wewe, na unatakiwa ujue ukiwa bado nyumbani.

Soma boksi la mshipi. Kama limeandikwa paundi 30, hizo ni kilo 13 na nusu hivi. Breki yako iwe theluthi yake, kilo nne na nusu. Kama ndiyo unaanza, chukua robo, kilo tatu na nusu hivi, na usione haya. Kwa nini kidogo hivyo? Kwa sababu kamba hukatikia pabovu, na pabovu pako ni fundo. Fundo lililofungwa kavu kavu linakula nguvu ya mshipi kabla samaki hajagusa chambo. Juu ya hapo weka msuguano wa pete za fimbo iliyopinda, na weka maji yanayouburuta mshipi uliosambaa ziwani. Ile akiba ya theluthi mbili unayoiona kubwa ina watu wengi wa kuwalisha.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wanaume wazima wanapoaibika. Samaki amekimbia, mshipi umetoka mita kwa mita, gurudumu la rili limebaki jembamba. Moyo unadunda, mwenzako mtumbwini anapiga kelele: "Kaza! Anakwenda!" Na wewe unakaza. Umekwisha!

Umewahi kufungua nati ya gurudumu la gari? Ukiwa na spana ndefu unaigeuza bila jasho. Ukipewa fupi, mishipa ya shingo inakutoka, na nati ni ileile. Samaki naye ndivyo alivyo. Gurudumu la rili likiwa limejaa, anavuta kwa spana ndefu. Mshipi ukipungua, spana yake inafupika, na inambidi avute kwa nguvu zaidi ili breki ileile iachie. Mshipi uliobaki ukifika nusu ya unene wa mwanzo, kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa mshipi, zile kilo nne na nusu zimekuwa tisa, na wewe hujagusa kitu. Breki imejikaza yenyewe! Ukiongeza mzunguko mmoja wa nyota kwa hofu, unagonga mlango wa kilo 13. Akikimbia mbali, mkono wako uende upande wa kulegeza. Najua moyo unakataa. Ulazimishe.

Wanaowafuata jodari na nduaro kule Mafia, au kwenye mkondo wa Pemba hadi Shimoni, wanalijua hili hadi kwenye usingizi, kwa sababu jodari akiamua kuondoka haondoki kwa mita kumi. Ziwa letu la Victoria ni dogo kuliko bahari, lakini usimdharau sangara. Kule Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000 alitolewa mmoja wa kilo 104 kwa fimbo. Huyo ni ndugu wa damu wa hawa wa kwetu, walioletwa ziwani miaka ya 1950.

"Sasa nikilegeza, nitamshindaje?" Kwa kufanya kazi! Akiondoka, mwache aondoke, shikilia fimbo juu na uache kuzungusha mpini, maana mshipi unapotoka unajichosha bure, na kwa zile rili zilizo wazi mbele unausokota mshipi. Akisimama, nyanyua fimbo polepole, kisha ishushe huku ukizungusha. Nyanyua, shusha na zungusha. Akitulia karibu na mtumbwi na ukahitaji nguvu zaidi kwa sekunde mbili, bana gurudumu kwa kiganja. Nguvu ya ziada ikae mkononi, siyo kwenye nyota, kwa sababu mkono unaachia kwa kufumba na kufumbua. Umekiona kidole cha mzee kimerudi?

Na umtoe mapema, bila kumzungusha nusu siku. Sangara wa chini ya sentimita 50 sheria inamtaka abaki ziwani, na aliyechoka hadi mwisho ukimrudisha hana maisha. (Leseni unayo? Na jaketi la kuokolea je? Upepo wa kusi wa Julai hausomi makala hii.)

Hivyo leo jioni usiende kukaa kijiweni. Azima mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia samaki. Pitisha mshipi kwenye pete zote, funga ncha yake kwenye mizani, mpe mdogo wako aivute kwa mwendo mmoja huku wewe umeinua fimbo nusu, kama vile samaki ameshauma. Soma kilo mshipi unapoanza kutoka, kisha soma tena ukiwa unatembea. Kama unaanza kwa kilo sita halafu unashuka hadi nne, washa zako ni kavu au zina mchanga, na ule mshtuko wa mwanzo ndio uliokuwa unakukatia mishipi yote uliyoilaumu. Fungua, futa, paka grisi yake kidogo, rudia. Usipojua kufungua, mpelekee fundi. Ukirudi kutoka ziwani, legeza breki kabisa kabla ya kuitundika ukutani, washa zipumue.

Fanya mara tatu. Mara ya nne fumba macho, funga nyota mwenyewe, halafu mwambie mdogo wako avute na asome kwa sauti. Akisema saba, cheka, rudia. Akisema mbili, rudia. Giza likiingia Mkolani, washa tochi ya simu uendelee, mpaka dogo aseme "nne na nusu, kaka" mara tatu mfululizo na aombe akalale. Jumamosi ijayo mchukue. Mpe yeye kiti cha mbele mtumbwini, na mshipi ukianza kulia, mpige marufuku mtu yeyote kupiga kelele ya "kaza".