Jina la Kikoa na Haki ya Kutojulikana na Kila Mtu

Anayefungua tovuti hulazimika kwanza kukodi jina la kikoa, yaani anwani ya maneno anayoiandika mtumiaji ili aifikie tovuti hiyo, na katika kukodi huko humwachia msajili jina lake, anwani yake ya posta, barua pepe na namba ya simu. Tangu mwaka 1982, ulipochapishwa utaratibu uitwao WHOIS, taarifa za namna hiyo zilikuwa wazi kwa yeyote aliyeziuliza, kwa kuwa mtandao wa wakati huo ulikuwa wa watafiti wachache, na mtambo wa mmoja ukileta matatizo ilibidi wengine wajue wampigie nani. Watafiti hao walikuja kuzidiwa kwa wingi na wafanyabiashara, wanaharakati na matapeli, lakini utaratibu ukabaki vilevile, hadi sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, likaruhusu sehemu kubwa ya taarifa za watu binafsi ifichwe. Mjadala ulioachwa nyuma na mabadiliko hayo hushikwa zaidi na wanasheria na mafundi, ingawa kiini chake ni swali la maadili: je, anayesimamisha jina mbele ya umma anawajibika kuuonyesha umma huo na mahali anapolala?

Wilaya za Ngara na Biharamulo, nchini Tanzania, zina historia inayolifanya swali hilo lisiwe la kinadharia tu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa takribani saa 24. Wengi wao walikuwa na kitambulisho cha nchi yao, kadi ndogo yenye mstari uliotaja Mhutu, Mtutsi, Mtwa au aliyepewa uraia, ambapo karani alikata kwa kalamu yasiyomhusu mwenye kadi na kuliacha moja. Kadi za aina hiyo zilianzishwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930 kwa shughuli za kiutawala, na kwa miongo kadhaa makarani wengi walizijaza bila kumkusudia mtu ubaya wowote. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kwenye vizuizi vya barabarani, neno lililoachwa bila kukatwa ndilo lililoamua nani apite na nani auawe. Hapa ndipo inapoanguka hoja ya wanaosema kwamba asiye na hatia hana cha kuficha, maana inapima hatari ya taarifa kwa tabia ya anayeitoa, ilhali hatari hiyo hutegemea atakayeishika kesho.

Hata hivyo, Ngara hiyohiyo inamnyima mtetezi wa faragha ushindi wa haraka. Katika kambi ya Benaco, iliyoanzishwa ndani ya siku chache, walioua walichanganyika na wasiokuwa na hatia, na kwa kuwa misaada ilipitia mwanzoni kwa viongozi wa komuni, yaani tawala za ngazi ya chini za Rwanda, orodha za wakimbizi zilikaa mikononi mwa baadhi ya watu waliopaswa kuwa mahabusu. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Rusumo ng'ambo ya mto, alikuwamo Benaco mwaka 1994. Alikamatwa mwaka 2001 tu, katika kambi moja ya Kigoma, na mwaka 2004 akatiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyoketi Arusha. Umati ulimsitiri kama ulivyowasitiri wajane na yatima.

Dini zimeishi na mvutano huu muda mrefu kuliko intaneti. Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi katika Jimbo la Rulenge-Ngara, humkataza padri kufichua neno lolote la kitubio, lakini kanisa hilohilo husoma matangazo ya ndoa mbele ya waumini wote, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo hutaka notisi ya siku 21. Tangazo la ndoa linavumilika kwa sababu lina swali ndani yake: nani anajua kizuizi? Huelekezwa kwa wanaoweza kulijibu, hudumu kwa majuma machache, kisha huisha. WHOIS ya zamani ilitangaza bila kuuliza chochote, kwa dunia nzima, kwa muda wote ambao jina lilikuwa hai.

Kwa kipimo hicho, kikundi cha wauza asali wa Biharamulo kinachopokea fedha za wateja kupitia tovuti yake kinawiwa na wateja hao jina na njia ya kukifikia, kwa kuwa kimeingia mapatano nao. Anayeandika peke yake kuhusu machimbo ya dhahabu ya wilaya hiyohiyo hawiwi na wasomaji wake zaidi ya njia ya kufikishiwa malalamiko. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi na maskani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeunda tume ya kuusimamia ulinzi huo.

Kinachobaki kigumu ni mshika orodha. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mijadala ya mtandaoni la Jamii Forums, alishtakiwa katika Mahakama ya Kisutu kwa kuzuia uchunguzi wa polisi waliotaka taarifa za watumiaji, na pia kwa kuendesha tovuti yenye jina la kikoa lisilosajiliwa Tanzania. Aprili 2020 alitozwa faini ya shilingi milioni 3 kwa kosa la kuzuia uchunguzi. Kuyaficha majina kwa umma si kuyaficha kwa dola, na hakuna mpangilio wa kiufundi unaoweza kuiondoa tofauti hiyo. RDAP, utaratibu uliochukua rasmi nafasi ya WHOIS kwa vikoa vya kimataifa mwezi Januari 2025, unawezesha kila muulizaji apewe kwa kadiri ya haki yake, jambo ambalo ni hatua ya kweli, lakini bado lazima awepo mtu wa kuamua haki hiyo ni ya nani, na uamuzi wake utakuwa salama pale tu anayeuliza naye anapoandikwa jina, sababu yake na tarehe aliyouliza, na mwenye taarifa akaweza kuyaona hayo.