Deni la Mbele, Deni la Nyuma

Marehemu baba alikuwa na duka la rejareja Ngamiani, Tanga. Daftari lake la madeni lilisomwa pande mbili. Mbele aliwaandika wanaolipa. Akiligeuza, nyuma walikuwamo aliokwisha kuwakatia tamaa. Akipiga hesabu ya zaka aliwahesabu wa mbele tu. "Hao wengine nitawatolea wakileta." Hakulibuni hilo. Wanazuoni walikwisha kutenganisha zamani deni la mwenye uwezo anayekiri na deni la aliyefilisika au anayekana.

Nimekagua hesabu za benki miaka mingi, na swali ni lilelile: mkopo uliotoka jana ni mali au ni matumaini? Chini ya kanuni ya zamani ya uhasibu, IAS 39, benki ilingoja dalili za hasara zijitokeze ndipo iiandike. IFRS 9, iliyochukua nafasi yake kuanzia 1 Januari 2018, inataka hasara inayotarajiwa iandikwe mapema. Mkopo wenye afya hukatiwa hasara ya miezi 12 ijayo. Hatari ikizidi sana, na kuchelewa siku 30 huchukuliwa kuwa dalili, hukatiwa ya muda wake wote.

Ustadhi mmoja, rafiki yangu, aliniuliza kama huko si kujitia katika ghaibu. Sidhani. Anayekadiria hadai kujua. Ila makadirio yanataka kumbukumbu: wangapi walishindwa kulipa, nyumba ya rehani iliuzwa baada ya muda gani, kwa bei gani. Kwetu kumbukumbu hizo ni fupi, na kesi ya kiwanja huzeekea mahakamani. Pengo linazibwa na rai ya meneja ambaye bonasi yake inatoka kwenye faida ambayo hasara hiyo huipunguza. Baba angeweza kushawishika kuwapeleka watu nyuma ili zaka ipungue (sijui kama aliwahi, najua alivyomwogopa Mungu). Meneja hushawishika kuwabakiza mbele.

Usiku mmoja, chai imeshapoa, tulikuwa na faili la mfanyabiashara wa mbao. Deni lilipokaribia siku ya 30 ya kuchelewa, malipo yaliingia. Nikayafuata yanakotoka: mkopo mpya, benki ileile, umeidhinishwa siku mbili kabla. Kwa hesabu ya siku, mteja hakuwahi kufikisha 30, na riba yake ilikuwa imeshaingizwa kwenye faida ya mwaka.

Tulidai mikopo yote miwili ihesabiwe chechefu. Faida ilishuka. Mwaka uliofuata kazi ile ilipewa wakaguzi wengine.