Je, Upendo wa Mama ni Hisia?



Tumezoea kusema kwamba mama akimwona mwanawe mara ya kwanza, upendo hububujika wenyewe kama maji ya chemchemi. Kwa wengi ni kweli. Lakini wako wanaompakata mtoto wasione ila uchovu, hofu na machozi. Mama wa namna hii hamwambii mtu, maana aogopa kuambiwa hana utu. Basi yafaa tujiulize: je, mama asiyeiona furaha ile ana hatia?

Mimi nasema hana. Mtu huwajibika kwa lile awezalo kulitenda, wala hakuna awezaye kuiamuru hisia ije. Katika chuo cha ualimu nilikofundisha, hatukumwamuru mwanachuo awapende watoto wote tangu siku ya kwanza. Tulimtaka awatazame: nani haoni ubao, nani amekuja na njaa. Mara nyingi upendo ulikuja baadaye, kwa sababu ya kutazama.

Jambo kama hili lilionekana Uganda. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, na kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba watoto waliotulia na kumtegemea mama kwa imani walikuwa hasa wa wale mama walioweza kueleza habari za mtoto kinaganaga. Yaani mtoto alitulia kwa mama aliyemjua.

Siku hizi wako wakunga wanaowafundisha mama wapya kuuweka moyo mahali ulipo mwili. Nancy Bardacke, mkunga wa Marekani, alianza mafunzo ya namna hiyo mwaka 1998. Zoezi lenyewe si gumu. Mama anyonyeshapo, aache kwa dakika chache kuzihesabu kazi zinazomngoja. Asikilize pumzi yake ikiingia na kutoka, auone uzito wa mtoto mkononi, amtazame usoni. Mawazo yakitoroka, ayarudishe pasipo kujigombeza. Huzuni ikija, aseme, “Hii ni huzuni,” asiseme, “Mimi ni mama mbaya.”

Lakini mtu aweza kuniuliza: Mwalimu, huku si kumwongezea mama mzigo? Ni kweli. Kumwambia “tulia” mtu ambaye hajalala siku tatu, na hana wa kumchotea maji, ni kumdhihaki. Utulivu una gharama, nayo yatupasa kuilipa sisi. Wazee walilijua hili. Katika siku arobaini mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akapikiwa uji, na kazi zake zikashikwa na wengine. Leo shangazi, wifi, jirani, na baba mwenyewe, kila mmoja aweza kumshika mtoto saa moja ili mama apate usingizi.

Tena tusichanganye mambo. Machozi ya siku za kwanza huwapata mama wengi, nayo hupita. Ila huzuni ikizidi majuma mawili, au mama akishindwa kulala hata mtoto alalapo, au akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali upesi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika kila wanawake 100 waliojifungua, kama 13 hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Daktari John Cox, aliyewachunguza mama wa Uganda na baadaye wa Edinburgh, alitoa pamoja na wenzake mwaka 1987 maswali 10 ya kuitambua sonona hiyo. Moja lamtaka mama aseme kama amekuwa akijilaumu pasipo sababu. Angalieni basi: kule kujiona mwenye hatia kwaweza kuwa dalili ya ugonjwa, wala si ushahidi wa kosa.

Kwa hiyo tukienda kumpongeza mzazi, tusianze kumwuliza kama amefurahi. Tumwulize kama amelala, kisha tumpokee mtoto.